Mpira Uliokuwa Chini ya Manyoya

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Afisa Mifugo wa Wilaya pale Shinyanga alinitazama miguuni kabla hajaitikia shikamoo yangu. "Marahaba. Binti, umekuja kuolewa au kuogesha ng'ombe?" Ofisi nzima ikacheka. Saa sita mchana nilikuwa kijijini Samuye, viatu mkononi, nimesimama kwenye tope la josho, lile shimo refu la maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe. Ndivyo nilivyoanza kazi ya ugani wa mifugo. Nyinyi mnaoanza leo na pikipiki na simu za kupiga picha msidhani nawaonea wivu. Haya, nawaonea kidogo.

Samuye nilikaa miaka mingi. Kule mwanaume hakuniita kwa ajili ya kuku hata siku moja. Yeye na ng'ombe wake, basi. Kuku ni wa akina mama, na akina mama ndio walionifundisha kazi. Tulikuwa tukichanja mdondo, ambao wengine huuita kideri: tone moja la chanjo jichoni, kuku mmoja mmoja, huku wengine wanakukimbia uani mpaka unatamani kuacha kazi. Mdondo ukiingia bandani hautanii. Kuku anaharisha kijani, shingo inapinda, miguu inapooza, na kwa siku chache banda zima linakuwa tupu. Yule mkuu wangu alikuwa na msemo wake: "Mdondo hausubiri barua. Ukiuona, amua!" Nikazoea kuamua. Nilizoea mno, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Baadaye nilihamishiwa Geita, kata ya Kalangalala. Mji wa dhahabu una mambo yake. Wachimbaji wakipata wanakula kuku, na wezi wa kuku nao hawalali njaa. Kila mwenye uwanja alifuga, na kila mfugaji aliweka alama kuku wake wasichanganyike na wa jirani. Kijijini alama ni kitambaa mguuni, kinaonekana wazi. Kalangalala mwizi angekikata palepale, kwa hiyo watu walifunga alama juu, pajani, chini ya manyoya, ili siku ya ugomvi mbele ya mwenyekiti wa mtaa mwenye kuku anyanyue manyoya aseme, "Huyu hapa, wangu!"

Nilikuwa nikiyajua haya yote. Nayasema ili msije mkanitafutia udhuru.

Mama Kulwa alikuwa mjane, akiwalea pacha wake, Kulwa na Doto, kwa kuuza mayai. Mitetea yake kumi na mmoja ilikuwa ikitaga vizuri. Wa kumi na mbili alikuwa zawadi: mama yake mzazi alimtumia kutoka kijijini angali kifaranga kikubwa, na haukupita muda bibi yule akafariki. Wiki ambayo mdondo ulipiga mtaa wa jirani, Mama Kulwa akaniita. Yule kuku wa zawadi alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama kijiti, hawezi kusimama.

Nilisimama mlangoni mwa banda, mkono kiunoni. Sikuingia. Sikuinama.

"Mdondo," nikasema. "Chinja wote leo, kabla hawajaambukiza kata nzima."

"Mama Mifugo, mbona hawa wengine wanakula? Mbona hata huyu mgonjwa anakula?"

"Mimi na wewe nani amesomea?"

Akageuka kutafuta kisu. Nilisikia raha ya mtu aliyeshinda, Mungu anisamehe. Jioni ileile alichinja kumi na mmoja, na pacha wake wakalia kila kuku alipokamatwa.

Baada ya wiki nilirudi kukagua. Nikamkuta yule kiwete yuko hai. Mama Kulwa alikuwa amemficha stoo. "Huyu nilishindwa," alisema bila kuniangalia. "Huyu ni mama yangu." Alikuwa ametoboa kiroba matundu mawili, akapitisha miguu ya kuku humo, kisha akakining'iniza katikati ya miguu ya stuli iliyopinduliwa, vidole vya kuku vikigusa chini kidogo tu. Chini alitandika pumba kavu, maji na chakula vikiwa karibu na mdomo. Asubuhi na jioni alimkanda vidole na nyayo kwa kitambaa cha maji ya moto, akivikunja na kuvikunjua taratibu. Hakuna chuo kilichomfundisha. Mimi niliyesoma sikuwahi kumfanyia kuku hivyo.

Kuku mwenye mdondo haponi kwa kiroba. Nikamtuma Mama Kulwa akachemshe maji mengine, kisha, kwa mara ya kwanza, nikamshika yule kuku. Nikapapasa kuanzia vidoleni kwenda juu. Pajani, chini ya manyoya, kidole changu kikakwama. Palikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli, alama, kilichofungwa kuku akiwa mdogo. Kuku amekua, mpira haukukua. Ulikuwa umezama kwenye nyama.

Nikaukata kwa mkasi, nikautia mfukoni mwa koti. Mama Kulwa aliporudi na maji nilimwambia, "Endelea kumkanda. Huyu ana bahati, mdondo umemwachia."

Baada ya wiki kadhaa kuku akatembea, akichechemea kidogo. Kwenye kikao Afisa Mifugo wa Wilaya wa Geita alinisimamisha: "Huyu mama ameuzuia mdondo kwa uamuzi mmoja. Igeni!" Wakanipigia makofi. Nikakaa chini.

Nimestaafu kwa heshima, nina cheti ukutani, na vijana wananitumia picha za kuku waliopooza wakiniuliza wana nini. Nawajibu wote vilevile: sijui, mpapase. Wengine wanadhani nimezeeka. Lakini kustaafu kuna ubaya wake, ukikaa bila kazi mambo yako yanakujia. Mwaka huu nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mama Kulwa. Nilimkuta anapepeta choroko. Baada ya salamu nikamweleza yote, mpira, mkasi, koti, uongo.

Ungo ukasimama.

"Mpira ule niliufunga mimi," alisema. "Alipoanza kutembea nikaukumbuka. Nikapapasa, nikakuta kovu tu. Nikajua umekatika wenyewe, na kwamba ndio uliomlemaza. Nikasema, kumbe kuku wa watoto wangu nimewaua kwa mikono yangu, na Mama Mifugo wa watu nimemwita bure. Niliona aibu hata kukuambia."

"Nisamehe, Mama Kulwa."

"Kuku nimekusamehe." Akauweka ungo chini, akajifuta uso kwa kanga. "Lakini miaka yote hii nimejilaumu peke yangu, na wewe ulikuwa hapo mtaa wa pili."