Miaka Yangu Nikiwa Sauti ya Zimwi

Siku yangu ya kwanza kazini, zimwi lilitoka ziwani, likapanua mdomo, na mdomoni hamkutoka kitu. Ukumbi mzima uliona meno ya karatasi ngumu, ukasubiri. Kwenye spika ikaja sauti ya mafuta yanayokaanga mihogo, basi. Nilikuwa darasa la sita, nimekaa benchi la mbele, na mdomo wangu, ambao walimu wa shule ile wanaufahamu vizuri, ukasema kwa sauti nzito niliyoiazima kwa babu yangu:

"Jamani, saa ngapi sasa? Nimechelewa kuua."

Kwa sababu zimwi lilivaa saa. Saa ya mkononi, inang'aa, juu ya manyoya. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Projekta ikazimwa, taa zikawaka, na Mzee Opereta, mtu wa Lindi, mwembamba kama mkanda wa filamu anayoionyesha, akashuka kutoka kwenye meza yake.

"Nani amesema?"

Nikasimama. Nilijua natolewa nje kwa sikio.

"Njoo huku nyuma," akasema. "Na huo mdomo uje nao."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mlio darasa la sita sasa, mnaonisimamisha njiani kuniuliza kazi ile ilikuwaje. Mimi ni mstaafu, niko kidato cha pili, magoti bado mazima, lakini nimeona mengi.

Kwanza mjue ukumbi wetu. Ni ule wa mtaa, upande wa Msimbazi, ambao siku za kawaida ni wa mikutano na masomo ya watu wazima. Jumamosi alasiri tulifunika madirisha kwa mablanketi meusi. Mablanketi yalikuwa na matundu ya nondo, na jua la Kariakoo likipita humo lilitengeneza nyota ndani ya ukumbi, mchana kweupe, pamoja na harufu ya dagaa kutoka sokoni. Kuna watu walilipa kiingilio kwa ajili ya zile nyota tu. Nami kila nikizikumbuka huwa sina hakika kama nilikuwa macho.

Filamu tuliyokuwa nayo ilikuwa moja. Miaka hiyo filamu za nje zilipatikana kama sukari: mkipewa, mnashukuru, mnaitunza. Yetu watu waliiita Zimwi la Saa, maana jina lake lenyewe lilikatika zamani. Ilisemwa katika lugha isiyojulikana. Mzee Opereta aliapa ni Kitaliano, Mama Meneja, msimamizi wa ukumbi, alisema ni Kireno, na hawakupatana. Tena sauti yenyewe ilikwisha. Sauti ya filamu hukaa kwenye mstari mwembamba pembeni mwa mkanda, na mkanda wetu ulipita mikono mingi kabla ya kutufikia, mpaka mstari ule ukasuguka wote. Ndipo akahitajika mtu wa kutia maneno. Mtia maneno hukaa nyuma ya pazia la picha na kipaza sauti, anaitazama filamu iliyogeuka, kulia kukiwa kushoto, na anasema kwa niaba ya wote wenye midomo.

Lakini sikuanza na midomo. Mzee Opereta hakuamini katika kupandishwa cheo haraka. Kituo changu cha kwanza kilikuwa mablanketi: kuyatundika, kuyashusha, kumfukuza paka. Nikahamishiwa radi, yaani kutikisa bati. Kisha nikapewa pumzi. Pumzi ya zimwi ilitengenezwa kwa kuhemea ndani ya kopo tupu la samli, taratibu, kama mtu aliyepanda ngazi na gunia la mchele.

"Usiharakishe," Mzee Opereta alikuwa akiniambia huku anaunga mkanda uliokatika, yaani anakwangua ncha mbili, anazipaka gundi, anazibana kwa vidole na kungoja. "Zimwi hili halina pesa, mjukuu wangu. Angalia nyumba yake, ni ya makaratasi. Mlango ukifungwa ukuta unacheza. Sasa zimwi maskini namna hii likihema kwa haraka, watu watalionea huruma tu. Lihemee polepole, walau liwe na heshima."

Huyo ndiye mwalimu wangu.

Mwishowe nikapewa midomo yote: zimwi, daktari, wanakijiji wenye mienge, na Bibi Harusi. Bibi Harusi ndiye alikuwa roho ya filamu. Anakimbia na shela lake, anapita kisiki, anaanguka. Anainuka, ni usiku. Anakimbia, anapita kisiki kilekile, anaanguka, ni mchana. Halafu anageuka, analiona zimwi, anapiga yowe. Kwa yowe hilo nilibana pua, nikavuta hewa mpaka tumboni, likatoka jembamba na refu, hata mbwa wa mtaani walijibu. Mama Kuruthumu, muuza samaki wa kukaanga aliyekuwa hakosi Jumamosi hata moja, aliniambia, "Mwanangu, ukilia vile nasikia ubaridi kwenye meno."

Maneno mengine niliyatunga mwenyewe. Zimwi likibisha hodi, lilisema, "Sukari imefika?" Daktari anajibu kupitia dirishani, "Leo hamna, njoo Jumatatu." Na pale zimwi linapogeuka na mgongoni inaonekana zipu, ndefu kama ya begi la safari, ukumbi wote kwa pamoja ulikuwa ukiimba: "Funga zipu, utapata mafua!" Sekunde chache baadaye mkono wenye saa unaingia dirishani kwa Bibi Harusi, na watu walewale walioimba wanafunika nyuso kwa kanga na kofia. Wanacheka na wanaogopa kwa pumzi moja. Sijaona tena watu wakifanya hivyo, hata msikitini au kanisani au kwenye mpira.

Shida ilianza nilipomaliza la saba. Sauti yangu ikaanza kunigeuka. Natamka "Shikamoo," inaanza kama ya mtoto, inaishia kama ya konda. Nikaificha kwa kikohozi, nikanywa maji ya limau, nikapunguza yowe likawa fupi. Mzee Opereta alinitazama, akarudi kuunga mkanda wake.

Na hapohapo Mama Meneja akaja na habari. Mama Meneja alikuwa mwanamke wa Moshi, mrefu, sauti ya upole ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga.

"Jumamosi anakuja Ndugu Afisa Utamaduni," akasema. "Ameambiwa tunaonyesha upuuzi. Akiona haina faida kwa Taifa, filamu inarudi stoo na ukumbi unabaki wa mikutano tu. Kwa hiyo wewe, zimwi lisiombe sukari. Zimwi ni mnyonyaji. Daktari ni bepari. Wale wenye mienge ni kijiji cha ujamaa. Umenielewa?"

"Na Bibi Harusi, mama?"

Akafikiri. "Bibi Harusi ni Afrika."

"Afrika ndiyo inaanguka kwenye kisiki mara zote hizo?"

"Wewe mtoto," akasema, "usinichekeshe, nina kazi."

Wiki ile sikulala vizuri. Filamu ikirudi stoo, hairudi. Mkanda mkavu namna ile ungekatikakatika ndani ya kopo lake, na hakuna mahali pengine duniani ambapo zimwi lile lingesema Kiswahili. Nilipita Mnazi Mmoja nikitoka shule, watu wakivuka uwanja kwenda na kurudi, na wote nikawaona midomo inacheza bila sauti, wanangoja mtu wa kuwasemea.

Jumamosi ikafika. Ndugu Afisa alikaa benchi la mbele, shati limenyooshwa, mikono imekunjwa. Watu wakanyamaza kwa ajili yake. Mzee Opereta akawasha projekta, vumbi likaanza kuogelea ndani ya mwanga, na zimwi likatoka ziwani.

"Mimi ni mnyonyaji!" nikasema. "Nimekuja kunyonya jasho la mkulima!"

Mtu mmoja akakohoa. Zimwi likafika kwa daktari, likabisha hodi.

"Fungua, bepari mwenzangu, tugawane—"

"Sivyo!" ikatoka sauti gizani. Ilikuwa ya Mama Kuruthumu. "Mwulize sukari!"

"Sukari! Sukari!" wakaitikia kutoka nyuma.

Sikuthubutu. Nikaendelea na bepari, jasho likinitoka mimi badala ya mkulima. Zipu ikapita, na hakuna aliyeimba. Filamu ilikuwa inakufa mbele ya macho yangu, nami nimeshika kipaza sauti. Bibi Harusi akaanza kukimbia. Kisiki, akaanguka. Usiku. Kisiki, akaanguka. Mchana. Akageuka. Nikabana pua, nikavuta hewa mpaka tumboni, nikapiga yowe.

Likatoka kama ng'ombe dume anayevutwa kwenda machinjioni.

Ukumbi ukaganda. Kwenye pazia Bibi Harusi alikuwa bado ameachama, shela linapepea, na mimi sina tena cha kumpa. Nikajaribu mara ya pili, ikatoka hewa tupu. Mdomo wake ulibaki wazi, mkubwa, unangoja.

Ndipo Mama Kuruthumu akalia. Alisimama pale benchini na kanga yake, akapiga yowe jembamba na refu, lilelile langu la zamani, kwa kipimo kilekile. Dada mmoja nyuma akalipokea kabla halijakatika, akafuata mwingine, na mwingine, wanawake kwa wasichana, hata vijana wa kubeba mizigo sokoni wakabana pua. Yowe likazunguka ukumbi chini ya zile nyota za nondo. Nilikaa nyuma ya pazia na kipaza sauti mapajani, nikisikiliza kama mtu aliye chini ya maji.

Baada ya hapo hawakunihitaji. Walisema kila mdomo. Zimwi lilipogeuka tena, waliimba zipu kwa nguvu mbili, kufidia ile iliyopita.

Taa zikawaka. Ndugu Afisa hakuinuka. Mama Meneja alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Ile zipu," Afisa akauliza, "inaonekana kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, Ndugu."

"Nao wanaiona?"

"Wanaiona kabla haijafika."

"Na bado wanafunika macho." Akajifuta shingo. "Nilifunika na mimi." Akatoa kalamu. "Ule unyonyaji uondoeni, unaboa. Nitaandika kwamba wananchi wanashiriki kikamilifu. Naomba mnirudishie pale kwenye kisiki."

Mzee Opereta akarudisha kwenye kisiki.

Tulipokuwa tunakunja mablanketi nilimwambia, "Mzee, sauti imeniisha."

"Nilijua tangu mwezi wa sita," akasema. "Lakini unamwambiaje mtu?" Akanipa upande wa pili wa blanketi, tukakunja mpaka la mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kuagwa.

Mwaka huu nilipelekwa na shemeji yangu kwenye sinema kubwa ya mjini, viti vya sponji, feni juu. Zimwi la huko lilikuwa la kweli. Halikuwa na zipu, damu ilikuwa damu, na mwezi haukushikiliwa na mkono wa mtu kama ule wa kwetu. Niliogopa barabara. Lakini hakuna aliyesema neno, kila mtu aliogopa peke yake na kwenda zake. Filamu ile ilishajaa, watengenezaji wameweka kila kitu, na sisi hatukuachiwa hata pa kuweka kidole. Zimwi letu lilikuja na matundu kila mahali, kama yale mablanketi, na ilibidi mtaa mzima uingie kuyaziba.

Jumamosi iliyofuata nilirudi ukumbini kwetu, nikakata tiketi kama mtu yeyote, nikakaa benchi la katikati, kati ya Mama Kuruthumu na mzee mmoja fundi viatu. Bibi Harusi akakimbia, akaanguka, akainuka, akageuka. Nikafungua mdomo pamoja na wote na kutoa lile la ng'ombe dume, kwa nguvu zangu zote, na ndani ya yowe lile hakuna aliyegeuka kunitazama.