Programu Tatu na Kovu la Bibi Lea

Zamani mpiga picha alijifungia gizani na mabeseni mawili ya dawa akatoka na sura za watu. Siku hizi anajifungia na bando akatoka na macho mekundu.

Liberatus Kalinga ni wa siku hizi. Ana chumba cha picha Soweto, hapa Mbeya, mlango wa pili kutoka kilipokuwa changu, ambapo sasa wanauza makava ya simu. Alinunua kamera inayotoa picha mbichi, isiyofaa kuchapwa mpaka uipitishe kwenye programu ya kompyuta. Nikamwambia hiyo ni negativu, tuliijua. Akacheka.

"Mzee Sosthenes, negativu zenu ziliota ukungu kabatini."

Picha iliyomtesa ilikuwa ya bibi yake, Bibi Lea wa Kalenga, kule Iringa. Bibi alitaka picha ya kutangulizwa mbele ya jeneza lake, na alitaka kuiona mwenyewe angali hai. Alikuwa na sababu. Jirani yake Fanueli walimkata kutoka kwenye picha ya harusi, akaenda kaburini na mkono wa mtu begani. Waombolezaji walishinda wakiulizana mkono ule ni wa nani.

Programu za kusafishia zilikuwa tatu: ya kulipia kila mwezi, ya bure, na iliyokuja na kamera. Liberatus akachagua ya kulipia, kwa kuwa maharusi wa Mbeya wanaipenda: ukibonyeza mara moja, kila mtu anang'aa kama sufuria mpya. Akaichapa picha, tukaipeleka Iringa. Mimi nilikwenda kushuhudia tu.

Bibi Lea aliishika mbali, kisha karibu, akamgeukia mjukuu wake.

"Mume wangu, huyu mwanamke umemtoa wapi?"

"Ni wewe, Bibi."

"Kovu langu liko wapi? Hili la kidevuni nilipigwa pembe na ng'ombe wa babu yako. Huyo aliyelifuta alikuwepo?"

"Ni programu imesafisha, Bibi."

"Basi izikwe hiyo programu. Watu wa kanisani watanipita wakidhani wamekosea msiba."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Liberatus hakucheka. Alikuwa amemwahidi bibi picha atakayoikubali.

Tuliporudi Soweto akajaribu ile ya bure. Kovu likarudi, lakini ukuta wa udongo mwekundu nyuma ya bibi ukageuka kijani, naye akaonekana ameugua mwezi mzima. Ikabaki ile iliyokuja na kamera, aliyokuwa akiidharau kwa uzito wake. Unasogeza mwanga kidogo, kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga, unangoja. Nilikaa kwenye benchi nikimtazama akisogeza na kungoja, kama mimi nilivyokuwa nikitikisa beseni. Alasiri kovu likajitokeza, halafu mikunjo, halafu ile jeuri ya midomo. Sikumsifu. Nilimwambia tu kwamba leo amefanya kazi.

Mara ya mwisho nilipowaona pamoja ilikuwa Kalenga, baada ya mavuno. Picha ilikuwa ndani ya fremu, imefungwa kwa khanga chini ya kitanda, na Bibi mwenyewe alikuwa uani akipukuchua mahindi. Liberatus akasema mwaka umepita, mikunjo imeongezeka, afadhali apige nyingine.

"Mume wangu, una haraka gani na mimi? Picha imeshatangulia. Mimi nakuja polepole."

Akamtupia gunzi, likampata kwenye kamera.