Ubishi wa Jumamosi Juu ya Mpiga Dramu

Watu wa mtaa wetu wa Magomeni, hapa Mtwara, waliamini kwa muda mrefu kwamba mimi na rafiki yangu tulikuwa na kisa na mtu fulani mpiga ngoma. Jirani yangu, mama anayeuza mihogo ya kuchoma, aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyo mtu amewakosea nini? Kila Jumamosi mnamsema yeye tu. Msameheni." Nikamwambia hajatukosea chochote, na wala yeye hatufahamu. Akanitazama kwa huruma, akanipa kipande cha muhogo bure.

Nieleze kwanza muziki wenyewe. Ni roki nzito, ile wanayoiita progresivu metali. Magitaa yananguruma, wimbo mmoja unaweza kwenda kama hotuba ya mgeni rasmi, na mapigo hayaendi manne manne kama tulivyozoea. Yanakwenda saba, yanakwenda tisa, halafu yanageuka kabla hujakaa sawa. Niliupata chuoni, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa bwenini. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ule ulikuwa muziki wa kwanza kunifanya nihesabu kwa raha. Katikati ya muziki huo yupo mpiga dramu mmoja anayejulikana dunia nzima. Sitamtaja. Kumtaja ni kuanzisha ubishi, na mimi sina tena wa kubishana naye.

Nilipohamishiwa Mtwara nilikuja na godoro na spika mbili. Mke wangu alibaki Songea kwa sababu ya kazi, kisha akabaki bila sababu. Shuleni walimu wenzangu ni watu wema, lakini nikiwawekea wimbo waliuliza kama redio imeharibika. Kanisani mwenyekiti wa jumuiya alinishauri niombewe. Nikabaki na simu yangu, nikibishana mtandaoni na watu wa mabara mengine, ambao wakiamka mimi nasinzia, na wakiishiwa hoja wananifungia. Niseme wazi tu: nilikuwa mpweke, na upweke ulinifanya mkali. Vijana wangu wa kidato cha tatu wanaweza kutoa ushahidi.

Basi siku moja natoka shule, nikausikia wimbo wa yule mpiga dramu ukitoka kwenye Kenta iliyoinuliwa kwa jeki mbele ya fundi pancha. Haukuwa wimbo unaofanana nao. Ulikuwa wenyewe. Dereva alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari lake anakula korosho. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akasema zamani aliwaendesha wageni waliokuja kuchimba gesi, enzi zile mji umejaa wageni wa gesi, na bosi wake mmoja hakutaka muziki mwingine barabarani. Bosi alipoondoka kurudi kwao, akamwachia flashi.

"Huyo mpiga dramu," nikasema, na furaha sikuweza kuificha, "ndiye bora duniani."

Alitafuna korosho yake mpaka ikaisha. "Huyo? Anasifiwa bure."

Nilikasirika pale pale. Akaniuliza mimi kabila gani, nikamwambia Mngoni, akajipiga kofi la paja kwa furaha. Yeye alikuwa Myao. "Ndiyo maana! Nyie mlikuja huku mnakimbia vita vya kwenu kusini, njiani mkaokota kila kitu isipokuwa masikio." Mngoni na Myao ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaturithisha matusi badala ya mikuki. Mtani akikutukana hukasiriki, na ukikasirika umeshindwa. Nikameza hasira, nikamwambia Myao hajui lolote zaidi ya kusubiri sherehe ya jando ale pilau. Nilikaa kwenye kivuli kile mpaka gurudumu likafungwa, na tulikuwa bado hatujamaliza.

Kwao kulikuwa Kitaya, huko mtoni, ng'ambo ikiwa ni Msumbiji. Babu yake alitoka Tunduru, akaoa huko, akabaki. Kila Jumamosi aliteremka mjini na mzigo wa ndizi, au ufuta ukiwa msimu wake, akaushusha sokoni, halafu badala ya kugeuza gari akaja Magomeni, ambako hakukuwa njia yake. Mimi nilikuwa nimeshachemsha mihogo na chai ya tangawizi. Alikuwa akivua viatu, anakaa barazani, anakunywa funda la kwanza, na kabla ya kuniuliza habari za wiki anasema, "Yule mtu wako nimemsikiliza tena njiani. Hamna kitu."

Hoja yake kubwa ilikuwa ya ngoma za kwao. Alisema ngoma haisifiwi na anayekaa kitini kuihesabu. Ngoma inasifiwa na anayecheza. Mpigaji wa jandoni anamtazama mchezaji miguuni. Akiona amechoka anampunguzia, akiona amepata nguvu anamchochea. "Sasa huyo wako anampigia nani? Nani anacheza pale? Mapigo saba ni ya mtu mwenye mguu mmoja mrefu."

"Yanachezwa na akili," nilimwambia.

"Akili haina kiuno, Mngoni."

Nilikuwa nainuka kabisa. Nilikuwa namwekea ule wimbo ambao katikati yake vyombo vyote vinanyamaza, na yule bwana anabaki anagusa ukingo wa dramu moja tu, kidogo, mpaka unasahau kupumua. Namwambia, huyu ndiye mtu anayejua kunyamaza, na mpigaji anayejua kunyamaza si wa kawaida. Yeye anafumba macho, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Kasahau alipofika. Anatafuta njia."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa na msimamo. Wiki hii anasema dramu ni nyingi mno, mpishi mwenye sufuria ishirini si lazima ajue kupika. Wiki ijayo anasema tatizo la yule mtu ni kwamba anapiga vitu vyepesi, na sifa zote ni za wapiga magitaa. Nikimkumbusha alichosema, anajibu kwamba Myao ana haki ya kuhama. Mwanafunzi angeniletea hoja za namna ile kwenye mtihani ningempa sifuri na barua kwa mzazi. Lakini ifikapo Jumatano nilikuwa nimeanza kuandaa majibu, na ifikapo Ijumaa nilikuwa mpole darasani, na vijana walijua kwamba siku ya kuomba ruhusa ni Ijumaa.

Hakunialika kwao wala mimi sikumwalika zaidi ya baraza ile. Hatukuzungumza habari za mke wangu. Nadhani alijua, kwa sababu aliona sufuria moja, kikombe kimoja changu na kimoja alichozoea kunywea yeye. Sikuwa na rafiki mwingine. Sisemi hivyo kutafuta huruma, ndivyo ilivyokuwa. Ubishi ule ukiondoka, mimi Mtwara nilikuwa sina kitu zaidi ya chaki.

Habari ililetwa na utingo wake, kwa simu, katikati ya kipindi. Presha ilimwangusha akiwa shambani, hakufika hospitali. Waislamu hawamchelewishi maiti, kwa hiyo nilipopata gari la kwenda Kitaya walikuwa wameshamzika. Nilikuta mikeka imetandazwa uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili karibu na nyumba, na mlango wa chumba cha mjane umefunikwa pazia, kwa kuwa alikuwa ameanza eda.

Nilitaka kukaa nyuma, nitoe pole, niondoke. Haikuwezekana. Utani ni kazi, na kazi yake kubwa iko msibani. Watani ndio wanaopewa ruhusa ya kufanya vurugu watu wakilia. Wanamsema marehemu, wanadai kuku, wanakaa kwenye njia watu wasipite, ili wafiwa wasizame. Mtani halii. Akilia ameiacha kazi yake, na atasemwa mpaka na wajukuu. Nilipojitambulisha kwamba ni Mngoni na ni rafiki wa marehemu, mama mmoja mzee aliinuka bila kuniuliza zaidi, akaingia ndani, akatoka na shati la kazi la rafiki yangu na kofia yake.

"Mtani, ulikuwa wapi? Maziko yamepita kimya kama tunamzika mwizi. Haya, vaa utuonyeshe mtu wetu."

Hiyo nayo ni desturi. Mtani anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, alivyotembea, alivyosema, alivyokula. Niliwahi kuiona nikiwa mdogo kwenye msiba wa babu, na nilidhani ni jambo la kuchekesha tu. Shati lilikuwa na harufu ya dizeli. Lilinibana mabegani. Nikasimama katikati ya ua wa watu nisiowafahamu, na kitu pekee nilichokijua kuhusu mtu wao kilikuwa ubishi.

Kwa hiyo nikabisha. Nikatembea kwa mwendo wake wa dereva, miguu imepanuka kidogo, nikakaa kwenye mkeka, nikavuta funda la chai isiyokuwepo, nikapaza sauti: "Yule mpiga dramu anasifiwa bure!"

Wakaanza kucheka, maana sauti niliipata. Nikaendelea. Nikasema ana sufuria ishirini na hajui kupika. Nikasema akili haina kiuno. Mzee mmoja akauliza huyo mpiga ngoma ni wa kijiji gani, nikamjibu ni wa ng'ambo, akaguna akisema watu wa Msumbiji wanapiga vizuri, tusiwaonee. Ua mzima ukalipuka. Nikajikuta natoa hoja zake moja baada ya nyingine, na zilikuwa zinatoka vizuri kuliko nilivyowahi kutoa zangu. Nilimsema yule bwana, mtu niliyemtetea miaka yote, mpaka hakubaki na mfupa.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia. "Mtani, umekosea! Huyo si mume wangu!"

Watu wakashangilia. Mtani akikosolewa, utani unanoga.

"Nimekosea wapi, shemeji?" nikauliza, bado kwa sauti ya mumewe.

"Mume wangu hakuwahi kumsema vibaya huyo mpiga dramu. Hapa ametuchosha naye! Akiosha gari anayapiga mapigo yake kwenye ndoo. Akila anayapiga kwenye meza. Alikuwa anasema dunia nzima hakuna wa kumfikia, na watoto walikatazwa kuigusa ile flashi."

Kijana wake mkubwa, aliyekuwa akigawa maji, akatikisa kichwa kukubali. Nikasimama pale na kofia ya watu kichwani. "Mbona kwangu alisema hamna kitu? Kila Jumamosi, shemeji. Kila Jumamosi."

Alipojibu alikuwa amepunguza sauti, wanawake waliokaa karibu na pazia wakanyamaza ili wasikie.

"Nilimuuliza mwenyewe. Nikamwambia, mbona unamsumbua mwalimu wa watu kwa kitu ambacho mnakubaliana? Akaniambia, yule mwalimu yuko peke yake kabisa. Nikimwambia nakubali, tutanywa chai tunyamaze, na wiki ijayo nitakuwa sina la kuniingiza kwake. Acha nimbishie. Angalau awe na mtu wa kumkasirikia."

Macho yote yalikuwa kwangu. Nilikuwa nimevaa shati lake na sikuweza kufuta uso kwa mkono wa shati, kwa sababu mtani halii. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele, "Mnawaona Wayao? Hata kaburini kaingia na uongo wake!" Wakacheka sana, wengine mpaka wakatokwa na machozi, na mama mzee akanipigia kigelegele. Nilivua shati, nikalikunja, nikamkabidhi. Wakanipa ugali na samaki wa mtoni, nikala, kwa sababu anayekataa chakula cha msiba anaulizwa maswali.

Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi. Ningependa kusema nilishukuru, na nimeshukuru baadaye, lakini siku ile nilikuwa na hasira tupu. Mtu anakujia miaka yote anakupa uongo wa kukufaa, anakuona jinsi ulivyo, anapoteza mafuta na jioni zake kwa ajili yako, halafu anakufa bila kukupa nafasi ya kumwambia kwamba na wewe ulikuwa unamuona. Tena sikuwa nikimuona. Nilimuona kama mtu asiye na msimamo.

Siku hizi Jumamosi nachemsha mihogo kidogo, inatosha mtu mmoja na inabaki. Jirani yangu anauliza kama hatimaye tumemsamehe yule mpiga ngoma, nami namjibu ndiyo, tumemsamehe. Nafungulia nyimbo zile zile na kusikiliza kwa namna nyingine. Natafuta kasoro. Sikuwahi kuzitafuta kabla, na kwa kweli ni kazi ngumu, maana yule bwana anajua anachofanya. Lakini Jumamosi iliyopita nilipata moja. Ipo mahali ambapo gitaa linarudi na yeye anaharakisha, kidogo sana, kama mtu asiyewaamini wenzake kwamba watafika. Nilirudia mara kadhaa, nikahesabu, nikahakikisha. Ni kasoro ya kweli, nzuri, yenye kubishaniwa mchana kutwa. Nikageuka kumwambia.