Mkao wa Fundi Pindo

Fundi Pindo ameshona suruali za wanaume miaka ishirini na sita, yote juu ya stuli moja ya mbao. Jina alipewa kwa ubishi: ukitaka suruali isiyo na pindo, anakushonea yenye pindo na kukuambia ushukuru. Watu walimvumilia kwa sababu suruali zake zilikaa. Aliyeshindwa kukaa ni yeye.

Ulianza muwasho, ukawa moto. Mwishowe kukanyaga cherehani robo saa kukawa kama kukalia jiko. Tumbo nalo lilifunga, likiunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Wateja aliwaambia ana mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Bawasiri huwezi kuitaja mbele ya watu ukabaki na cheo. Lakini moyoni alijua: fundi asiyeweza kukaa ni mtu mwenye mkasi tu.

Akaenda kwa daktari. Daktari alimkagua, huko tusimfuate, akasema hakuna cha kukata. Akamwandikia dawa, maji mengi, mboga, na asijikamue chooni. Halafu akaongeza, "Tatizo lako kubwa, mzee, ni mkao."

Kwa mshonaji, mkao ni jinsi nguo inavyolala mwilini, na siku hiyo Fundi Pindo alivaa suruali aliyojishonea mwenyewe. Alimweleza daktari kwamba kiuno kile kilipimwa mara mbili, na kama chumbani humo mna mkao mbaya, basi ni wa koti jeupe lililolegea bega la kushoto. Akatoka amenuna. Karatasi ya mazoezi aliyopewa akaiacha mezani.

Mkewe alisikiliza kisa chote, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akampigia simu mdogo wake, anayefundisha yoga. Fundi akasema afadhali afe. Mkewe akamwambia sawa, ila itabidi afe amesimama.

Shemeji alikuja na mkeka. Kwanza alimpigisha magoti, makalio juu ya visigino, paji la uso chini. Halafu akamlaza chali, miguu imeegemea ukuta, ili damu isilundikane kule chini. Hayo fundi aliyafanya kwa hadhi. Mwisho akaambiwa akumbatie magoti kifuani na avute pumzi taratibu.

"Na huu unaitwaje?" akauliza, amejikunja kama bahasha.

"Mkao wa kutoa upepo, shemeji."

"Upepo gani?"

Tumbo likajibu kwa niaba ya mwalimu, kwa kirefu.

"Huohuo," shemeji akasema, uso mkavu. "Endelea kupumua."

Mkewe alikimbilia jikoni.

Aliendelea kupumua. Kila akimaliza mguu mmoja wa suruali, alitandika mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, akalala miguu juu. Alikunywa maji, akala mboga kwa kinyongo. Wiki ya kwanza hakuona tofauti, ila aibu. Wiki ya nne, asubuhi moja, alishona kiuno, zipu na mifuko, na alipoinua kichwa jua lilikuwa limeshahama dirishani. Hakuwa ameinuka hata mara moja.

Mwenye suruali alipokuja kuichukua, alisogezewa kiti. Akakikataa, akasema yuko sawa hivyohivyo, huku akihamisha uzito mguu hadi mguu. Fundi Pindo aliitazama miguu hiyo, akaenda kufunga mlango.

"Vua viatu," akamwambia kwa upole. "Lala chali."