Siku Rumba Ilipopata Zero

Majina ya wanamuziki sitayaandika hapa. Nikiandika moja tu, wasomaji wa mtaa wa Ruashi watabishana na wa mtaa wa Katuba mpaka karatasi ipasuke, na miye ubishi wa namna hiyo ulinitosha mwaka jana.

Tulikuwa watatu, benchi moja darasani, ya nyuma. Miye mwenye mdomo. Wa pili alikuwa mpole mwenye mwandiko mzuri, basi tukamfanya karani. Wa tatu ndiye rafiki yangu kabisa, mtoto wa watu wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Baba yake aliuza vitambaa, na yeye mwenyewe aliimba kwa pua wakati wa hesabu. Swali letu lilikuwa hili: katika kila namna ya muziki, nani anajulikana kupita wote? Kwaya, cha-cha-cha, jive ya Rodezia, gita kavu, isiyo na umeme, ya watu wa migodi, rumba ya Leopoldville. Tulibishana wiki mbili, hata padri aliyetufundisha Kilatini akasema kama tungejua vitenzi vyake namna tunavyojua nyimbo, tungekuwa maaskofu wote watatu.

Kipimo nilikitunga miye. Unatembea barabarani, unapiga mluzi mstari wa kwanza wa wimbo, unanyamaza. Mtu akimalizia, ni kura moja. Mwenyewe hajui kama amepiga kura, kwa hiyo hawezi kudanganya. Uchaguzi safi namna hiyo nchi yetu bado haijauona.

Tulianza saa sita, tulipotoka masomo. Kwaya ilipata kura yake upesi: mama mmoja aliyekuwa anakaanga mikate alidakia kabla sijafunga mdomo, akatia na sauti ya pili juu. Cha-cha-cha ilipata kura tatu. Jive moja, ya mpishi wa Mzungu aliyekuwa juu ya baiskeli, na karibu aingie mtaroni. Kisha nikapiga mluzi wa gita kavu ya kwetu Katanga. Kura sita. Ya sita ilitoka chooni kwa fundi wa viatu, na karani akauliza kama kura ya namna hiyo inaandikwa. Nikamwambia hakuna iliyotoka ndani zaidi ya hiyo.

Ikabaki rumba, na rumba ilikuwa mali ya rafiki yangu.

Hapa lazima niseme kweli. Katanga ilikuwa imejitenga na Leopoldville, na kwa watu wa Kasai, waliohesabiwa wa upande ule, maisha ya mjini yalikuwa yameharibika. Pande zote mbili za nyumba yao majirani walikuwa wamekimbia, milango imeng'olewa. Wengi walikuwa wamekimbilia kambi iliyolindwa na maaskari wa kigeni wa kofia za bluu. Baba yake alilala na viatu miguuni. Mama yake alimwambia kila asubuhi: shule, nyumba, basi, na mdomo ufungwe njiani. Nyimbo za Leopoldville redio yetu ilikuwa imeziacha, na mtu akikusikia ukiziimba anauliza uko upande wa nani. Hayo yote nilikuwa ninayajua.

Lakini nilikuwa na kura sita, na kura sita zinalevya. Nikamwambia, "Bantu balishasahau rumba yako. Ndiyo maana unaogopa kuipiga."

Rafiki yangu akatia daftari kwapani, akatangulia mbele yetu, akapiga mluzi.

Alipiga vizuri, sitamnyima hiyo. Mstari wote, na kile kikona cha mwisho ambacho kinakufanya umalizie upende usipende. Akanyamaza. Fundi wa baiskeli aliinua kichwa, akakirudisha kwenye mnyororo. Cherehani ya mshonaji, iliyokuwa inakimbia, ikasimama.

"Zero," nikasema kwa sauti.

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Bombani walikuwepo wanawake watano, ndoo chini ya maji. Hakuna aliyegeuka. Mmoja alikuwa na mtoto anayecheza pembeni. Akamshika mkono, akaingia naye kwenye ua, ndoo akaiacha imejaa inamwagika.

"Zero mbili. Andika, karani."

Karani hakuandika. Alikuwa anatazama mbele, na miye nikatazama. Kwenye kona, pale ambapo juzi hapakuwa na kitu, walikuwa wameweka bariyeri ya kuzuia njia, mapipa mawili na mti katikati. Pembeni lilisimama lori. Ndani ya lori walikaa wanaume watatu, mikono juu ya magoti. Askari mmoja mwenye bunduki alikuwa anatuangalia, anatuita kwa kidole.

Karani akageuka, akakimbia. Simlaumu. Sisi wawili tulikuwa karibu mno.

Kwenye mfuko wa shati ya rafiki yangu kulikuwa na kijitabu cha shule, kitambulisho chake. Ukurasa wa kwanza una jina la baba, na chini yake mahali baba alikotoka. Kwa jina la Kasai kama lile, mtu alikuwa anapandishwa lori.

"Ile wimbo ni ya nani?" askari akamwuliza.

Nikajitia katikati yao.

"Huyu iko mudogo yangu, chef," nikasema, kama tunavyowaita wakubwa.

"Sikukuuliza weye. Weye, maliza ile wimbo."

Rafiki yangu akaumba midomo. Ikatoka hewa tu. Akalamba midomo, akajaribu tena, hewa. Mkono wa askari ulikuwa unashuka kuelekea ule mfuko wa shati.

Basi nikaanza kusema. Nilisema kama mtu anayemwaga maji kwenye moto. Nikamwambia ni mchezo wa shule, nikamweleza kipimo, mama wa mikate na sauti yake ya pili, mpishi na mtaro, choo cha fundi wa viatu. Nikamwambia gita kavu yetu ilipata sita na rumba ya Leopoldville zero, na kwamba mudogo yangu ni mjinga, amechagua rumba, na ameshindwa mbele ya mji wote. Mkono ukasimama.

"Zero?" akasema. "Kwa barabara yote hii?"

"Hata muntu moja hakujibu, chef."

Akageuka akaitazama barabara. Fundi wa baiskeli, mshonaji, wanawake wa bombani: vichwa vyote vilikuwa chini. Aliwatazama kwa muda mrefu. Alikuwa kijana tu, labda anatupita miaka minne, na ninaapa alikuwa anaujua wimbo ule mpaka mwisho wake.

"Anaitwa nani?"

Nikampa jina la mdogo wangu wa kweli, la ubatizo pamoja na la babu. Akamgeukia rafiki yangu, akamwuliza yeye mwenyewe. Rafiki yangu akayasema yote mawili polepole, bila kukosea. Angekoseaje? Mara ngapi alikuwa amekula na huyo mdogo wangu sahani moja.

"Weye mudogo, kwenda nyumbani. Usikimbie. Weye mwenye mudomo, piga magoti hapa. Piga ile yako ya kura sita."

Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikapiga gita kavu, huku ninamhesabia rafiki yangu hatua mpaka alipokata kona. Nilirudia ule mstari mpaka midomo ikapasuka. Barabara ilikuwa ile ile iliyonipa kura sita. Hakuna aliyemalizia.

Mwishowe askari akaniachia, na saa kumi nilikuwa nyumbani kwa kina rafiki yangu. Baba yake alikuwa anapanga majora ya vitambaa juu ya baiskeli, mama anakunja godoro. Askari akishamwona mtoto mara moja, mama alisema, mara ya pili atamkumbuka. Wangefika kambini kabla ya jua kuzama.

"Nani alimutuma apige ile wimbo?" akauliza bila kuniangalia.

"Ni miye mwenyewe, mama," rafiki yangu akasema.

Nilikuwa na maneno elfu saa sita. Sasa yalibaki matatu.

"Ni miye, mama."

Mama akasimama na godoro mikononi. Nilingoja kofi, na lingekuwa la haki. Akanitupia ncha ya kamba ya kufungia godoro.

"Basi shika hapa. Vuta."

Nikavuta.