Shosho Alikuja Kuona Zohali

Cheka ukitaka, lakini sikuwa nimelewa wala sikuwa usingizini. Ilikuwa saa mbili kasorobo usiku, stima imepotea, nami nilikuwa kwenye kiwanja kimoja karibu na shule ya Olympic, Kibera, nikionyesha watu nyota.

Sisi ni klabu ndogo ya watu wanaopenda anga. Darubini yetu tuliiunda wenyewe, na tulikuwa tunaiweka Kawangware, kwenye stoo ya mama mwenye ploti ninayopanga chumba. Tulimwita Shosho, kama nyanya yetu. Stoo alitupa bure, akaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe Zohali, ile sayari yenye pete. Nami kila mara nilikuwa na sababu. Leo kuna mawingu. Leo nimechoka. Kesho, Shosho. Akafariki kabla hajaiona. Nilimpenda yule mama, na siku ya mazishi nilishindwa hata kuangalia jeneza.

Sasa, klabu yetu ina sheria: hakuna tochi, hakuna simu, macho lazima yazoee giza. Kwa hivyo nyuso za watu kwenye foleni huzioni. Unamshika mtu bega, unamsogeza, unamwambia asiguse darubini. Akiigusa tu, sayari imepotea.

"Mwingine akuje. Mikono nyuma."

Aliyekuja alikuwa mfupi, amevaa sweta nzito ya kufuma. Akaikumbatia darubini kwa mikono miwili.

"Ai! Si nimesema usishike?"

"Wacha kelele, kijana. Umenizungusha ya kutosha."

Nywele zikanisimama. Utaacha kuijua vipi sauti iliyokuamsha kila Jumamosi ukafagie ngazi? Kutoka Kawangware hadi Kibera, na magoti yake yale mabovu! Nilitaka kukimbia. Na niamini, nilitaka pia asiondoke.

Aliangalia kwa muda mrefu. Darubini yetu usipoisukuma kidogo kidogo, sayari hutoka ndani ya dakika moja, kwa sababu dunia inazunguka. Mimi sikuigusa. Naye hakulalamika hata mara moja kwamba haioni.

"Kumbe kweli iko na pete," akasema polepole. "Nilidhani mnanidanganya."

Kisha akanifinya sikio la kushoto, vile alivyozoea kuniaga.

"Buda, kwani unaongea na nani?" akauliza dada aliyekuwa mbele ya foleni. "Hapo hakuna mtu kitambo. Tunangoja tu."

Nikainama nikachungulia. Zohali ilikuwa pale pale katikati, imetulia. Nikalia mbele ya watu, wakadhani ni furaha ya nyota. Nusu yake ilikuwa furaha kweli.

Tangu siku hiyo, nikimwambia mtu "kesho" bila kumaanisha, sikio hilo linawaka. Ndiyo maana nakuonya: kama kuna mzee umemwahidi jambo, nenda leo. Wangu alinifinya sikio tu. Wako simjui.