Mama Mabuti

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa wakubwa na wadogo alikuwa Mama Mabuti, kwa ajili ya mabuti ya mpira aliyovaa kila Jumamosi akishuka kwenye kijito nyuma ya soko kuzoa taka. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Mumewe, kinyozi, alikuwa akimtania kwamba ameolewa na kijito, yeye ni mpangaji tu.

Alikufa mchana wa mvua kubwa. Kalavati lililopita chini ya barabara liliziba, maji yakaanza kuingia majumbani, naye akashuka na beleshi lake kulizibua. Lilipozibuka, maji yakamvuta. Kilichokuwa kimeziba ni magunia ya mabaki ya sponji, na mtaa mzima ulijua yametoka karakana ya fundi magodoro. Fundi mwenyewe alijikausha kimya. Kinyozi naye hakumuuliza.

Tangu hapo, mvua ikianza, kinyozi alisikia mabuti yakivuliwa barazani, moja, kisha la pili. Alingoja mlango ufunguliwe, haukufunguliwa. Akitoka kutazama, hakuna mtu wala tone la tope.

Majirani wakaanzisha ufadhili wa masomo kwa jina la marehemu, kwa kijana atakayesomea mambo ya mazingira. Aliyefaulu mwaka wa kwanza alikuwa binti wa fundi magodoro. Wanakamati walimwendea kinyozi wakiona haya, wakamwambia neno lake ndilo la mwisho. Aliendelea kufagia nywele.

Binti akaja mwenyewe kinyozini, wateja walipokwisha. Hakutaka kuketi. Alisema amekuja kuukataa ufadhili ule mbele yake, kwa sababu hawezi kusomeshwa na mtu asiyewaacha walale.

"Mvua ikinyesha anagonga," alisema.

"Anagonga wapi?"

"Mlango wa nyuma wa karakana. Kwa mpini wa beleshi, vilevile alivyokuwa akigonga kutuambia tuondoe magunia. Baba ameuziba mlango kwa matofali. Bado anagonga."

Kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja. Kilichomchoma hakikuwa hofu, kilikuwa wivu. Kwake mkewe aliishia barazani. Kwa hawa alikuwa na neno.

"Baba yako naye anasikia?"

"Anasikia. Anaongeza sauti ya redio."

Macho ya binti yalikuwa yameiva kwa kukosa usingizi, kama yake mwenyewe.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Na akigonga tena, mwitikieni."

Siku ya sherehe ya ufadhili kinyozi alimkabidhi cheti kwa mkono wake. Fundi hakufika. Binti akaenda chuoni.

Mvua zilizofuata, watu walimwona fundi magodoro akiyabomoa yale matofali kwa nyundo, amelowa chapachapa, akisema peke yake, "Nakuja, mama, nakuja." Walisimuliana wakicheka. Kinyozi aliposimuliwa hakucheka. Aliuliza tu kama upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu.